Kinachounguza Akaunti Si Kitufe: Majibu kwa Madai Manane ya Soko la Forex

Katika makundi ya WhatsApp na Telegram ambako vijana wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Mwanza hufundishana biashara ya forex, kuna madai yanayorudiwa kila juma kana kwamba ni kanuni za hesabu. Mengi hayahusu bei itaelekea wapi. Yanahusu namna ya kuweka oda, kuilinda, na kuisimamia nafasi iliyo wazi ndani ya programu kama MetaTrader 4, iliyotoka mwaka 2005, au MetaTrader 5 iliyoifuata mwaka 2010. Madai hayo yana madhara kuliko utabiri mbovu wa bei. Anayekosea mwelekeo hupoteza biashara moja. Anayekosea namna oda inavyofanya kazi huunguza akaunti nzima huku akiamini amejilinda.

Nimechukua manane ninayoyaona yameumiza watu zaidi, na nitayajibu moja baada ya jingine. Msimamo wangu nautangaza mapema: programu hutekeleza ulichoagiza kwa bei itakayoikuta sokoni, na kinachokulinda ni ukubwa wa nafasi uliouamua kabla ya kubonyeza. Kila dai hapa chini limepotoka kwa sababu linakipa kitufe kazi ya mfanyabiashara.

Dai la kwanza: "Ukishaweka kikomo cha hasara, huwezi kupoteza zaidi ya hapo"

Kikomo cha hasara, ambacho wengi hukiita SL, ni agizo lenye sehemu mbili: subiri bei ifike hapa, kisha funga kwa bei yoyote utakayoikuta. Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika. Ni sawa na kumwagiza mtu mnadani, "Bei ya ng'ombe ikishuka hadi laki nane, muuze." Kama mnunuzi wa laki nane ameshaondoka na aliyebaki anatoa laki sita, agizo lako linamtaka auze kwa laki sita.

Tarehe 15 Januari 2015 ulimwengu mzima ulilipia somo hili. Tangu Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa ikizuia euro isishuke chini ya faranga 1.20. Maelfu ya wafanyabiashara walinunua euro juu kidogo ya kiwango hicho, wakaweka vikomo vyao vya hasara chini yake, wakalala usingizi mzuri. Siku hiyo, saa sita na nusu mchana kwa saa za Afrika Mashariki, benki ilitangaza kuwa imeondoa kizuizi. Ndani ya dakika chache euro moja ilikuwa chini ya faranga 1.00, na katikati ya hapo karibu hakukuwa na mnunuzi.

Fanya hesabu. Aliyenunua loti moja, yaani euro 100,000, kwa 1.2010 na kuweka kikomo 1.1990, alidhani anahatarisha faranga 200. Kama oda yake ilipata mnunuzi kwenye 1.0000, alipoteza faranga 20,100. Kikomo kilifanya kazi yake sawasawa, kwa bei iliyokuwepo. Wateja wa kampuni ya FXCM pekee walijikuta wanadaiwa jumla ya dola milioni 225 hivi, na kampuni ikalazimika kukopa dola milioni 300 ili isimame. Alpari ya Uingereza ilifilisika siku chache baadaye.

Soko la hisa nalo lilipata darasa lake. Asubuhi ya 24 Agosti 2015, soko la New York lilipofunguka kwa anguko kubwa, biashara za hisa na mifuko ya uwekezaji zilisimamishwa zaidi ya mara 1,200 kwa siku moja, na vikomo vya hasara vya wawekezaji wengi wadogo vikauza mali zao kwa bei za kutupa. Februari 2016 soko hilo likaacha kabisa kupokea oda za aina hiyo, kwa kuwa watu wa kawaida walikuwa wakizichukulia kama ulinzi wa uhakika.

Weka kikomo cha hasara kila mara. Lakini kichukulie kama makadirio ya hasara katika siku ya kawaida. Tangazo kubwa likikaribia, au soko likielekea kufungwa kwa wikiendi, makadirio hayo hayana mdhamini. Baadhi ya madalali huuza kikomo chenye dhamana ya bei kwa ada ya ziada, na hicho ndicho pekee kinachostahili kuitwa cha uhakika.

Dai la pili: "Dalali amenivizia, bei kwenye grafu haikufika kwenye kikomo changu"

Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote, na mara nyingi jibu lake lipo kwenye skrini ileile. Wakati wote programu ina bei mbili: bei ambayo soko linanunua kwako, na bei ambayo soko linakuuzia, iliyo juu kidogo. Grafu ya forex ya MetaTrader huchorwa kwa bei ya chini. Aliyenunua hufungiwa kwa bei hiyo ya chini, kwa hiyo grafu inampa picha sahihi. Aliyeuza lazima anunue ili atoke, kwa hiyo hufungiwa kwa bei ya juu, ambayo mishumaa ya grafu haionyeshi.

Tuangalie kwa karibu. Umeuza euro dhidi ya dola kwa 1.0850, kikomo umekiweka 1.0880. Mchana pengo kati ya bei hizo mbili ni pointi 1, nikimaanisha 0.0001. Usiku unaingia. Siku ya biashara ya New York hufungwa saa kumi na moja jioni kwa saa zao, ambayo kwetu ni saa sita usiku wanapokuwa kwenye majira ya joto na saa saba usiku wanapokuwa kwenye baridi. Wakati huo benki zinafunga hesabu za siku, wanunuzi na wauzaji wanapungua, na pengo linapanuka. Grafu inapanda hadi 1.0872, kisha inarudi chini. Lakini pengo limekuwa pointi 9, hivyo bei ya juu imefika 1.0881. Nafasi yako inafungwa. Asubuhi unaamka, unaona kilele cha mshumaa kimeishia 1.0872, unaapa kwamba umeibiwa.

Ingia kwenye mipangilio ya grafu uwashe mstari wa bei ya juu. Unapouza, ongeza upana wa pengo la usiku kwenye kikomo chako. Kumbuka pia kwamba oda ya kununua inayosubiri huamshwa na bei hiyo hiyo ya juu, si na ile unayoiona kwenye mshumaa.

Haki inadai niseme na upande wa pili. Wapo madalali waliowadanganya wateja. Februari 2017 wasimamizi wa soko nchini Marekani waliitoza FXCM faini ya dola milioni 7 na kuiondoa katika soko la huko, kwa kuwaficha wateja uhusiano wake wa kifedha na kampuni iliyokuwa ikifanya biashara dhidi yao. Kwa hiyo shaka si dhambi. Ila anayeshuku na alete ushahidi: namba ya tiketi, saa ya kufungwa, na bei zote mbili za dakika ile. Picha ya mshumaa peke yake haithibitishi lolote.

Dai la tatu: "Oda zote ziko kwenye seva, hivyo hata simu ikizimika hakuna kinachobadilika"

Nusu ya dai hili ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Oda zinazosubiri, vikomo vya hasara na vikomo vya faida huhifadhiwa kwenye seva ya dalali. Umeme ukikatika Mbagala au bando likiisha njiani kwenda Thika, hivyo vitaendelea kuwepo na vitatekelezwa.

Vingine vinaishi kwenye kifaa chako tu. Kikomo kinachoifuata bei, kile kinachopanda kadiri faida inavyokua, huendeshwa na programu iliyo kwenye kompyuta yako. Ukiizima, kinabaki palepale kiliposogezwa mara ya mwisho, hata bei iende pointi 200 upande wako. Roboti nazo ni hivyo hivyo: hufanya kazi kompyuta ikiwa imewashwa na imeunganishwa. Ndiyo maana wanaozitumia kwa makini hukodi kompyuta ya mbali inayowaka saa 24. Roboti inayoahidi kufunga nafasi "hasara ikifika dola 50" bila kuweka kikomo kwenye seva haijaweka ulinzi wowote; imeahidi kuwa macho, na kompyuta yako ikizima nayo imelala.

Kuna hatari nyingine ya mtandao dhaifu ambayo haizungumzwi vya kutosha. Unabonyeza kununua, skrini inaganda, unabonyeza tena. Mtandao unaporudi unakuta nafasi mbili, kila moja na tiketi yake, na hatari yako imekuwa maradufu ya ulichopanga. Kabla ya kubonyeza mara ya pili, fungua orodha ya nafasi zilizo wazi uisome. Sekunde hizo chache ni nafuu kuliko kosa lenyewe.

Dai la nne: "Hasara si hasara mpaka ufunge nafasi"

Hakuna sentensi iliyounguza akaunti nyingi kuliko hii. Inamfariji mtu kwa kumwambia kwamba namba nyekundu iliyo mbele yake ni kivuli tu, asubiri, bei itarudi.

Programu haifikiri hivyo. Ina namba mbili: salio, ambalo halibadiliki mpaka ufunge, na thamani halisi ya akaunti, ambayo ni salio ukiongeza au kutoa kila nafasi iliyo wazi kwa bei ya sekunde hii. Maamuzi yote ya seva hufuata namba ya pili. Seva huigawa thamani hiyo kwa dhamana, yaani fedha zako zilizoshikiliwa ili nafasi zibaki wazi, na matokeo yakishuka hadi asilimia iliyo kwenye mkataba wako, huanza kufunga nafasi bila kukuuliza.

Chukua akaunti ya dola 300 yenye mkopo wa 1:400, yaani kila dola ya dhamana hubeba nafasi ya dola 400. Mwenyewe anafungua nusu loti ya euro dhidi ya dola kwa 1.0800. Nafasi hiyo ina thamani ya dola 54,000, na dhamana inayoshikiliwa ni dola 135. Kila pointi moja ni dola 5. Tuseme dalali hufunga kwa nguvu kiwango kikifika asilimia 50, yaani thamani halisi ikibaki dola 67.50. Hiyo ni hasara ya dola 232.50, sawa na pointi 46 na nusu. Jozi hii hutembea umbali huo katika siku nyingi za kawaida kabisa. Mtu huyu alisema atasubiri bei irudi, na huenda ilirudi jioni ileile. Lakini seva ilishamtoa saa nane mchana.

Kwa hiyo hasara ya nafasi iliyo wazi ni hasara kamili. Tofauti yake na iliyofungwa ni kwamba bado inaweza kupungua, na bado inaweza kukua. Aliyekwisha kuamua kiwango cha kukubali kushindwa anaweza kusubiri kwa utulivu. Anayesubiri bila kiwango ameiachia seva uamuzi huo, na seva huamua wakati mbaya kuliko wote.

Dai la tano: "Mkopo mkubwa wa dalali ndio unaounguza akaunti"

Dai hili linatolewa na watu wenye nia njema, na lina chembe ya ukweli. Hata hivyo linaonyesha kidole mahali pasipo penyewe. Mkopo wa 1:400 huamua dhamana itakayoshikiliwa. Hauamui kila pointi itakugharimu kiasi gani. Hilo huamuliwa na ukubwa wa nafasi.

Rudi kwenye akaunti ile ile ya dola 300, mkopo ule ule wa 1:400. Safari hii mwenyewe afungue loti 0.02. Pointi moja ni senti 20. Bei ikienda kinyume pointi 50, amepoteza dola 10. Seva haitamgusa mpaka bei itembee karibu pointi 1,490 dhidi yake. Mkopo haukubadilika hata kidogo, lakini yule wa kwanza aliondoshwa sokoni kwa mwendo wa siku moja na huyu anaweza kukosea tena na tena akabaki na mtaji.

Kwa nini basi wasimamizi huweka ukomo? Kwa sababu mkopo mkubwa humruhusu mtu afanye kosa ambalo mkopo mdogo ungemkatalia. Ulaya, kuanzia Agosti 2018, mamlaka ya masoko iitwayo ESMA iliweka ukomo wa 1:30 kwa jozi kubwa za sarafu, ikaagiza nafasi zifungwe thamani halisi inaposhuka hadi asilimia 50 ya dhamana, na ikapiga marufuku mteja mdogo kudaiwa zaidi ya alichoweka. Ilipotangaza hatua hizo ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo hupata hasara. Kwa mkopo wa 1:30, nusu loti yetu ingetaka dhamana ya dola 1,800, na programu ingeikataa palepale. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2017 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inaruhusu hadi 1:400. Maana yake kijana wa Nairobi ameachiwa breki aishike mwenyewe.

Breki hiyo ni hesabu ya mstari mmoja. Chukua fedha uliyo tayari kupoteza katika biashara hii, igawe kwa umbali wa kikomo ukizidisha na thamani ya pointi kwa loti moja. Ukihatarisha asilimia 2 ya dola 300, ni dola 6. Kikomo kikiwa pointi 40, na loti moja ikiwa dola 10 kwa pointi, jibu ni loti 0.015. Shusha hadi 0.01, usipandishe.

Dai la sita: "Nafasi ikizidiwa, fungua ya upande wa pili, hasara imefungwa"

Wanaita kuheji au kulock, na walimu wengi huuza mbinu hii kama siri ya wataalamu. Tuipime kwa namba.

Umenunua loti 0.10 ya euro dhidi ya dola kwa 1.0900. Bei imeshuka: ya chini ni 1.0800, ya juu ni 1.0802. Ukifunga sasa umepoteza dola 100. Badala yake unauza loti 0.10 kwa 1.0800. Nafasi ya kwanza iko hasarani dola 100, na ya pili, kwa kuwa itafungwa kwa bei ya juu, inaanza na hasara ya dola 2. Jumla ni 102. Umelipa zaidi ili ubaki na hasara ile ile, na kuanzia hapo riba ya usiku inahesabiwa kwenye nafasi zote mbili. Upande mmoja unaweza kulipwa, lakini kwa kawaida unachotozwa upande mmoja kinazidi unachopata upande wa pili, na kwa jozi nyingi usiku wa Jumatano huhesabiwa mara tatu. Akaunti isiyo na riba, inayochaguliwa na Waislamu wengi, haikuepushi moja kwa moja, kwani baadhi ya madalali hutoza ada nyingine nafasi ikikaa siku kadhaa.

Ngumu zaidi ni kutoka. Ili upate faida lazima ufunge upande mmoja kwanza, na dakika unapoufunga umefanya uamuzi ule ule wa mtu anayefungua nafasi mpya: bei inaenda juu au chini? Kuheji kumeuahirisha tu uamuzi huo na kukutoza kwa kuahirisha. Na usidhani umetoka hatarini. Pengo la bei likipanuka, nafasi ya kununua hupimwa kwa bei ya chini na ya kuuza kwa bei ya juu, hivyo zote mbili huumia kwa pamoja. Akaunti iliyobaki na fedha kidogo inaweza kufungwa na seva usiku wa manane ikiwa imehejiwa kikamilifu.

Zaidi ya hayo, kuna akaunti zisizoruhusu mbinu hii kabisa. MetaTrader 5 ilianza kwa mfumo wa kujumlisha, ambamo oda ya upande wa pili hupunguza au hufunga nafasi iliyopo. Mfumo wa kushika pande zote mbili uliongezwa mwaka 2016. Nchini Marekani, tangu 2009 chama kinachosimamia madalali kimewazuia kuwaruhusu wateja wa forex kushika pande mbili za jozi moja katika akaunti moja. Jua akaunti yako ni ya aina gani kabla ya kujaribu.

Kama tayari umenasa katika hali hiyo, tumia amri ya kufunga nafasi kwa nafasi ya upande wa pili, iliyomo kwenye MetaTrader zote mbili. Katika mfano wetu hasara ingerudi kuwa dola 100, kwa sababu hulipi pengo la bei kwa mara nyingine.

Dai la saba: "Oda inayosubiri hujazwa kwa bei uliyoandika"

Hili halihitaji maneno mengi, maana inategemea aina ya oda. Oda ya kununua chini ya bei ya sasa, au kuuza juu yake, hujazwa kwa bei uliyoandika au nzuri zaidi, lakini inaweza isijazwe. Katika soko la hisa kuna foleni: waliotangulia kwa bei hiyo huhudumiwa kwanza, na bei ikigusa na kurudi huenda usifikiwe. Oda ya kununua juu ya bei ya sasa, au kuuza chini yake, karibu kila mara itajazwa, lakini bei inaweza kuwa mbaya kuliko uliyoandika. Ya kwanza inakupa bei bila uhakika wa kuingia, ya pili inakupa uhakika wa kuingia bila bei. Wanaotega oda za aina ya pili pande zote mbili dakika chache kabla ya tangazo la ajira la Marekani ndio hujifunza hili kwa gharama kubwa.

Dai la nane: "Kompyuta haikosei, roboti itasimamia nafasi zako kuliko wewe"

Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ilikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa kabisa wa hisa Marekani. Soko la New York lilikuwa likianzisha mpango mpya siku hiyo, na Knight iliandaa programu ya kushiriki. Mafundi waliiweka kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ilibaki na programu ya zamani, iliyokuwa haijatumika kwa miaka, na alama iliyokusudiwa kuamsha kazi mpya ndiyo iliyoiamsha ile ya kale. Kabla soko halijafunguka, mfumo ulituma barua pepe 97 zenye taarifa ya hitilafu. Hazikushughulikiwa.

Oda 212 za wateja zikageuka kuwa biashara zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154, ndani ya dakika 45. Seva ile iliendelea kununua na kuuza bila kujua kwamba oda zilishajazwa. Wakihangaika kutafuta chanzo, mafundi waliondoa programu mpya kwenye seva saba zilizokuwa nzima, na tatizo likaenea. Mwishowe Knight ilikuwa na nafasi za mabilioni ya dola ambazo haikuzitaka, na hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Kampuni ikanunuliwa na mwenzake. Kilichokosekana kilikuwa rahisi: ukomo wa jumla ya nafasi, na kitufe cha kusimamisha kila kitu.

Hata bei iliyo kwenye skrini inaweza kukwama. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani ya mkataba wa Mei yalifungwa kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Programu ya Interactive Brokers haikuwa imetayarishwa kwa bei hasi, na wateja wenye nafasi wazi walishindwa kuona bei halisi wala kuweka oda ya kutoka. Kampuni iliwafidia, na mwaka 2021 mamlaka za Marekani ziliiadhibu. Kama kampuni zenye wahandisi mamia hukosea hivyo, roboti iliyonunuliwa kwa shilingi elfu hamsini kwenye Telegram haiwezi kuachiwa akaunti bila mtu kuiangalia. Iwekee ukomo wa loti, ukomo wa idadi ya nafasi, na ukomo wa hasara kwa siku. Kisha jifunze kuizima kwa mkono kabla hujajifunza kuiwasha.

Wanaoyarudia madai haya si watu wabaya. Wengi wanapitisha walichofundishwa. Lakini yote yanamwambia mgeni kwamba kuna namna ya kubonyeza itakayomwokoa baada ya kuchukua nafasi kubwa kuliko mtaji wake, na namna hiyo haipo. Kabla ya kila oda, andika mambo manne kwenye daftari: fedha uliyo tayari kupoteza, umbali wa kikomo, ukubwa wa loti uliotokana na hesabu hiyo, na mahali ulinzi wako ulipohifadhiwa, kwenye seva au kwenye kompyuta yako. Muulize dalali wako, akujibu kwa maandishi, kama unaweza kudaiwa zaidi ya ulichoweka, na hakikisha amesajiliwa na mamlaka ya nchi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Usiposhika daftari hilo, usifungue nafasi.